Mzozo wa jina wawanyima watoto somo la afya na mahusiano

KATIKA mahakama za Kenya, kuna maneno mawili ambayo mahakimu wamezoea kuyasikia kutoka kwa mashahidi wachanga: "tabia mbaya". Mtoto wa miaka minane au tisa huitwa aeleze alilotendewa, na aghalabu huishia kusema kwamba fulani "alinifanyia tabia mbaya". Wakili wa mshtakiwa naye huinuka na kuuliza tabia mbaya ni nini. Je, ni kuchapwa? Ni kutusiwa? Mtoto hunyamaza, ama kwa sababu hana neno jingine, ama kwa sababu analo lakini amefunzwa tangu utotoni kwamba anayelitamka hana adabu.

Suala hilo lilifika hadi Mahakama ya Rufani. Katika uamuzi wa mwaka 2017, majaji walieleza kwamba mtoto aliyenajisiwa huenda akaona haya kusimulia yaliyomfika mbele ya watu, na kwamba mahakama nchini kwa jumla zimeyakubali mafumbo kama "alinifanyia tabia mbaya" kuwa maelezo ya kitendo cha unajisi. Ulikuwa uamuzi wa huruma na wa busara. Hata hivyo, ulifichua pengo ambalo si la mahakama kuliziba. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inamhukumu kifungo cha maisha anayepatikana na hatia ya kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini. Adhabu nzito kiasi hicho inategemea ushahidi wa mtoto ambaye hakuna mtu mzima aliyejitwika jukumu la kumfunza msamiati wa mwili wake mwenyewe.

Hapo ndipo panapostahili kuanzia mjadala kuhusu kufundisha mahusiano, jinsia na afya katika shule za msingi. Ila kwa takriban miaka 30 mjadala wenyewe umeanzia mahali pengine kabisa, yaani kwenye jina.

Katikati ya miaka ya 1990, Kadinali Maurice Otunga wa Kanisa Katoliki alishirikiana na viongozi wa Kiislamu jijini Nairobi kuteketeza hadharani mipira ya kondomu pamoja na vijitabu vya mafunzo kuhusu Ukimwi. Picha za moto huo zilienea ulimwenguni. Haukupita muda mrefu kabla ya Rais Daniel arap Moi kutangaza, mnamo Novemba 1999, kwamba Ukimwi ni janga la kitaifa, na mafunzo kuhusu maradhi hayo yakaingizwa shuleni. Mwaka 2008 likaja somo la Stadi za Maisha. Desemba 2013, Kenya ilikuwa miongoni mwa mataifa ya mashariki na kusini mwa Afrika yaliyoahidi mjini Cape Town kuwapa vijana elimu kamili ya masuala hayo, na mwaka 2015 serikali ikachapisha sera ya kitaifa kuhusu afya ya uzazi ya vijana. Kila mara hatua ilipopigwa, upinzani ulizuka upya, na kila mara neno lililotangulia midomoni mwa wapinzani lilikuwa lile lile: ngono.

Kiswahili chenyewe kimechangia kutatanisha mambo. Neno "ngono" hutaja kitendo, wala halitaji kingine. Halibebi maana ya mwili, kubaleghe, heshima baina ya wavulana na wasichana, wala haki ya mtoto kusema hapana. Kwa hivyo, mzazi wa Kakamega au Kwale anaposikia redioni kwamba mwanawe wa Gredi ya 4 atafundishwa "elimu ya ngono", analolisikia ni kwamba mwalimu atamwonyesha mtoto jinsi kitendo hicho kinavyofanywa. Mzazi huyo hastahili kuchekwa. Ameelewa vyema maneno aliyoambiwa. Kosa ni la walioyachagua. "Elimu ya jinsia" nayo imekuwa ikitumiwa kwa masuala ya usawa wa wanaume na wanawake, "afya ya uzazi" inasikika kama kliniki ya wajawazito, na "stadi za maisha" ni jina pana mno ambalo linaweza kuhusu hata namna ya kuweka akiba.

Mswada wa Afya ya Uzazi wa mwaka 2019, uliowasilishwa katika Bunge la Seneti na Bi Susan Kihika, aliyekuwa seneta wa Nakuru, ulikumbwa na masaibu hayo hayo. Ulikuwa na vipengee vingi kuhusu akina mama na uzazi, lakini katika mimbari za makanisa na katika vituo vya redio ulijadiliwa kama njama ya kuwapa watoto wa shule vidonge vya kuzuia mimba na kuhalalisha uavyaji. Mswada huo haukupita.

Si haki, hata hivyo, kuwachora wapinzani kama watu wasiojali watoto. Maaskofu, maimamu na vyama vya wazazi wana malalamishi yenye uzito. Wanauliza kwa nini mitaala iandaliwe kwa ufadhili wa mashirika ya nchi za nje ambazo zina mila tofauti. Wanahofia kwamba chini ya jina la afya kutaingizwa masuala ya ushoga na uavyaji bila wazazi kushauriwa. Tena wanasema, na hapa ni vigumu kuwapinga, kwamba mzazi ndiye mwalimu wa kwanza wa mtoto katika mambo ya siri. Tatizo ni kwamba walio wengi kati ya wazazi hao hawafundishi.

Zamani kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Katika Pwani, msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke mzima ambaye si mamake, aliyemweleza bila kuficha usafi wa hedhi, mwili wa mwanamke na mambo ya unyumba. Makungwi walikuwa na nyimbo, ngoma na maneno yao. Miongoni mwa Waluo, wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya bikizee aliyeitwa pim, ambaye aliwafunza usiku kwa hadithi na vitendawili yale ambayo mama hakuweza kuyatamka mchana. Jamii zilizotahiri vijana zilikuwa na mafunzo yao ya jandoni. Ni kinaya, basi, kwamba mafunzo haya yanakashifiwa leo kuwa ya kigeni, ilhali kilicho kigeni hasa ni kimya. Mafunzo ya zamani yalikuwa na kasoro zake, ikiwemo kumwandaa msichana kwa ndoa ya mapema na, katika baadhi ya jamii, ukeketaji. Lakini yalizingatia jambo moja ambalo wizara imelisahau: kulikuwa na mtu maalumu aliyejulikana kwa jina, na aliyelaumiwa endapo mtoto hakufunzwa.

Leo hakuna wa kulaumiwa. Mzazi anasema mwalimu atamfunza mtoto, kwani si ndiko anakoshinda kutwa? Mwalimu anasema hayo ni ya mzazi na kasisi. Kasisi anasema ni ya wazazi, na akiyagusa huishia kwenye onyo la dhambi. Nyanya aliyekuwa somo anaishi mashambani, na mjukuu yuko Kayole au Changamwe na simu mkononi. Simu hiyo ndiyo inayofundisha, na mafunzo yake hayajaidhinishwa na Taasisi ya Ustawishaji Mitaala (KICD) wala askofu yeyote.

Ratiba za shule zinaeleza mengi kuliko hotuba. Stadi za Maisha lilipewa kipindi kimoja kwa wiki na halikutahiniwa. Kila aliyesoma au kufunza katika shule ya msingi ya Kenya anajua kinachokipata kipindi kisichotahiniwa: hugeuzwa kuwa cha Hisabati, hasa muhula wa tatu unapokaribia. Mtaala wa Umilisi, uliozinduliwa kote nchini mwaka 2019 katika madarasa ya chini, uliyatawanya masuala haya katika masomo mbalimbali, kidogo katika Sayansi, kidogo katika masomo ya dini. Baada ya jopo lililoongozwa na Prof Raphael Munavu kupendekeza mwaka 2023 kwamba mzigo wa masomo upunguzwe, Elimu ya Afya na Stadi za Maisha, ambayo yalikuwa masomo yanayojitegemea katika sekondari ya msingi, yalikunjwa ndani ya masomo mengine. Hoja ya kupunguza mzigo ilikuwa na mashiko. Lakini somo likishagawanywa vipande kwa walimu watano, kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aliyelifunza.

Utafiti wa Taasisi ya Guttmacher na kituo cha APHRC cha Nairobi, uliochapishwa mwaka 2017, unathibitisha hali hiyo. Wanafunzi wa sekondari katika kaunti za Homa Bay, Mombasa na Nairobi waliulizwa walichofunzwa. Asilimia 96 walisema walikuwa wamepata mafunzo ya aina fulani kufikia mwisho wa shule ya msingi. Waliokuwa wamefunzwa mada zote zinazotakikana walikuwa asilimia 2 pekee. Mafunzo mengi waliyoyapata yalisisitiza hatari na kuwataka wajiepushe. Kwa maneno mengine, ugomvi wa kama watoto wafunzwe au wasifunzwe umepitwa na wakati. Wanafunzwa tayari, ila nusunusu.

Mwalimu mwenyewe yumo katika hali ngumu. Tangu Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ilipotoa waraka wa mwaka 2010 wa kuwakinga wanafunzi dhidi ya dhuluma za kimapenzi, mwalimu anayepatikana na hatia hufutwa kazi na kuondolewa katika sajili. Waraka huo ulihitajika mno, kwa kuwa baadhi ya wanaowadhulumu wasichana ni walimu wao. Lakini mwalimu mwadilifu wa kiume, ambaye pengine ndiye pekee anayefunza Sayansi katika Gredi ya 6, hujiuliza itakuwaje msichana akienda nyumbani na kusema mwalimu alizungumza kuhusu matiti na hedhi. Bila mwongozo ulioandikwa, ulioonyeshwa wazazi na kutiwa saini na mwalimu mkuu, njia salama kwake ni kusema, "Hiyo sura mtajisomea."

Swali linalofaa kuulizwa ni lipi hasa linalomfaa mtoto wa darasa la juu la shule ya msingi. Kuhusu hilo Kenya ina ushahidi wake, uliopatikana katika shule zake, ingawa hautajwi sana katika mabishano. Kuanzia mwaka 2003, watafiti wa uchumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 328 katika maeneo ya Bungoma na Butere-Mumias. Katika baadhi yake, walimu walipewa mafunzo ya ziada ya kufundisha somo la Ukimwi kama lilivyoandaliwa na serikali, somo ambalo ujumbe wake mkuu ulikuwa kujiepusha hadi ndoa. Katika nyingine, wanafunzi walipewa sare za bure ili wasiache shule.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Mafunzo ya walimu peke yake hayakupunguza mimba za wasichana. Sare za bure zilizipunguza, kwa kuwa msichana aliyebaki darasani hakuolewa wala kupata mimba kwa urahisi. Lakini kilichostaajabisha zaidi kilitokea katika shule 71, ambako afisa wa mradi alizuru darasa la nane mara moja tu, kwa takriban dakika 40. Aliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya msichana anayeshawishiwa na mwanamume mzima, kisha akaandika ubaoni viwango vya maambukizi ya Ukimwi mjini Kisumu kulingana na umri na jinsia. Wasichana waliona kwa macho yao kwamba mwanamume wa makamo anayewanunulia chipsi na kuwapa nauli ndiye mwenye hatari kubwa zaidi, kuliko mvulana wa rika lao. Kwa mujibu wa matokeo aliyochapisha Dupas mwaka 2011, idadi ya wasichana waliopata mimba mwaka uliofuata ilipungua kwa asilimia 28, na waliopungua zaidi ni waliopachikwa mimba na wanaume waliowazidi umri.

Hapakuwa na kondomu darasani humo, wala hapakuwa na mahubiri. Palikuwa na habari ya kweli, inayohusu watu ambao msichana anakutana nao njiani akienda shuleni. Ni vigumu kufikiria askofu au imamu ambaye angeipinga, kama angeonyeshwa kwanza.

Uzito wa suala lenyewe haulingani kote nchini. Uchunguzi wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba, ikilinganishwa na asilimia 18 mwaka 2014. Hata hivyo, katika kaunti ya Samburu kiwango kilikuwa asilimia 50, Pokot Magharibi 36, Marsabit 29 na Narok 28, huku Nyeri na Nyandarua kikiwa asilimia 5. Miongoni mwa wasichana ambao hawakusoma kabisa, karibu wanne katika kila kumi walikuwa wamewahi kushika mimba. Takwimu hizi zinaonya dhidi ya kuliona somo hili kama dawa ya kila kitu. Msichana wa Samburu anayeozwa akiwa na miaka 13 hatimizi mpango wake mwenyewe; hata akijua yote, aliyepokea mahari ni babake. Lakini takwimu hizo hizo zinapinga dai la upande wa pili kwamba kutojua ndiko kunakomhifadhi mtoto.

Kuna mabadiliko mengine ambayo hayajazungumziwa vya kutosha. Tangu Januari 2023, wanafunzi wa Gredi ya 7, na baadaye wa 8 na 9, wanasomea katika majengo ya shule za msingi. Uamuzi wenyewe ulikuwa mzuri kwa wazazi waliohofia gharama ya shule za bweni. Lakini umewaweka vijana wa miaka 14 na 15 katika ua mmoja na watoto wa miaka sita, wakitumia lango moja, na katika shule nyingi mashambani, safu moja ya vyoo. Sheria ya mwaka 2017 inayoiamuru serikali kuwapa wasichana sodo za bure ipo, ingawa usambazaji wake umekuwa wa kusuasua. Pakiti ya sodo haina maana kubwa kwa msichana wa miaka 11 ambaye damu ya kwanza imemtoka akiwa darasani na anadhani ameugua.

Yanayojiri Uingereza yanaweza kuwafaa wanaobishana hapa, si kwa sababu Uingereza ni ya kuigwa kila jambo, bali kwa kuwa walikutana na tatizo lile lile la jina. Sheria iliyopitishwa huko mwaka 2017 ilitenganisha mambo yaliyokuwa yakitajwa kwa pumzi moja. Tangu Septemba 2020, kila shule ya msingi nchini humo ni lazima ifunze elimu ya mahusiano na elimu ya afya, ikiwemo kubaleghe na hedhi. Elimu ya ngono si lazima katika shule za msingi, na pale inapofunzwa, mzazi ana haki ya kumtoa mwanawe. Hawezi kumtoa katika somo la mahusiano. Miongoni mwa yanayotakiwa katika somo hilo ni mtoto kujua jinsi ya kuripoti anapodhulumiwa, na kuwa na msamiati na ujasiri wa kufanya hivyo.

Mgawanyo huo haukuleta amani kamili. Mwaka 2019, wazazi, wengi wao Waislamu, waliandamana kwa miezi nje ya shule za msingi mjini Birmingham wakipinga mafunzo kuhusu familia za watu wa jinsia moja, hadi mahakama ikaingilia kati. Mwongozo wenyewe umefanyiwa marekebisho yaliyotangazwa Julai 2025, ambayo utekelezaji wake ulipangiwa Septemba 2026, na umesisitiza kwamba wazazi waonyeshwe vitabu vinavyotumiwa. Hata hivyo, maandamano ya Birmingham yalihusu sehemu moja ya mafunzo. Hayakumnyima mtoto wa miaka tisa somo la kutaja mwili wake na kupiga ripoti.

Hapa nchini vitu hivyo viwili vingali vimefungwa katika mzigo mmoja, na mzigo wote hukataliwa kwa sababu ya kilichoandikwa juu yake. Wizara ya Elimu ingeweza kuufungua bila kusubiri sheria mpya. Ingeweza kuyapa majina ya viungo vya mwili, kubaleghe, hedhi, kukataa kuguswa na kuripoti dhuluma kipindi chake kuanzia Gredi ya 4, na kukikabidhi kwa mwalimu mmoja anayejulikana katika kila shule. Vitabu vingewekwa ofisini mwa mwalimu mkuu ili mzazi yeyote avisome. Masuala ya kondomu, uavyaji na mengine yanayowagawanya Wakenya yangeachiwa mabaraza ya juu yaendelee kuyajadili. Baraza la maaskofu na SUPKEM wangeitwa mapema kuyapitia maneno yenyewe ya Kiswahili, kwa sababu huko ndiko mambo huharibikia. Wanaharakati wanaotaka yote au wasichukue lolote wangelalamika kwamba ni kidogo mno. Wangekuwa na hoja, lakini kufikia sasa hawajapata hata hicho kidogo.

Katika kongamano la kimataifa kuhusu idadi ya watu lililofanyika Nairobi Novemba 2019, Kenya iliahidi kumaliza mimba za wasichana matineja kufikia mwaka 2030. Mtoto aliyeingia Gredi ya 1 Januari 2025 atakuwa katika Gredi ya 6 mwaka huo.